Jina la Mtunza Ghala

Jirani yangu aliposoma kwa sauti, kila alipofika kwenye jina la mhusika mkuu alinyamaza kidogo, akaliruka, kisha akaendelea upande wa pili wa sentensi. Mwanzoni nilidhani ni tatizo la kusoma. Kiswahili ni lugha yake ya pili, na ukihesabu Kiarabu cha madrasa labda ni ya tatu. Kwenye nakala yangu ya riwaya nilikuwa naweka alama ndogo za penseli kila aliposita. Nilipanga kumtafutia mazoezi ya matamshi, na nilijiona mwalimu makini kwa kugundua jambo hilo.

Tulikuwa tumekaa barazani kwa wakwe zake, Kiwanjani, nyumba chache kutoka kwetu. Upepo wa huku huanza kabla ya adhuhuri na hauombi ruhusa ya mtu. Tulikuwa tumebana kurasa kwa viatu vyetu, kimoja kila upande.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na digrii ya fasihi pamoja na tabia ya kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyaomba. Babu wa baba yangu aliletwa mji huu akiwa askari wa wakoloni, akabaki, na tangu hapo ukoo wetu ni watu wa malori. Kaka zangu hupeleka mizigo kutoka Nairobi hadi Moyale. Mimi nilikwenda kusomea habari za watu wasiokuwepo. Hivyo ndivyo mama alivyowaeleza majirani, na sikuweza kumsahihisha kwa sababu chuoni tulifundishwa karibu maneno hayo hayo. Mhusika si mtu, mhadhiri alituambia. Ni maneno yaliyopangwa kwenye karatasi. Nililipenda wazo hilo kwa sababu lilikuwa kavu. Halafu wiki iliyofuata tukapewa insha ya sifa za wahusika: nani mkarimu, nani mbinafsi, nani msaliti, kama watu wanaosengenya jirani. Niliuliza maneno yanawezaje kuwa na ubinafsi. Nikaambiwa niandike insha.

Sikuwa nimepata kazi. Nilituma maombi kwa simu, nikafuata shule mbili zilizosema zitanipigia, na begi langu nililiacha limefungwa nusu kwa sababu kila wiki niliamua kurudi Nairobi na kila wiki nikaahirisha. Jirani huyu aliponiomba nimsaidie fasihi nilikubali haraka, bila kujali kama ni kwa wema au kwa kutaka tu mahali pa kwenda asubuhi.

Ni Mborana, rika langu, mzaliwa wa Biliqo. Alifanya mtihani wa kidato cha nne kabla ya kuolewa na akafaulu kila kitu isipokuwa Kiswahili. Alama hiyo ndiyo iliyomfungia mlango wa chuo cha uuguzi. Sasa alikuwa amejiandikisha upya kama mtahiniwa binafsi. Baba mkwe wake, mfanyabiashara wa mifugo, alikubali arudie mara moja. Akishindwa, abaki nyumbani na biashara ya maziwa ya mama mkwe. Alilisema hilo bila ukali, mbele ya mwanawe, mume wa jirani yangu, na katika nyumba ile yeye huwa halazimiki kurudia neno.

Kwa hiyo kulikuwa na mtihani mmoja, na ndani yake karatasi ya fasihi, na ndani ya karatasi hiyo riwaya mpya. Kitabu alichosoma shuleni kilikuwa kimeshaondolewa kwenye mtaala. Hiki kipya kilihusu kijiji cha wakulima wakati wa ukame, na mtu aliyekabidhiwa funguo za ghala la mbegu. Njaa inapozidi, mdogo wake anakuja kubisha mlango wa ghala akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Mtunza ghala hafungui. Mtoto anakufa. Mvua inarudi, mbegu zinapandwa, kijiji kinakula, na hakuna anayemsalimia tena.

Nilimpa swali la kawaida kabisa: jadili sifa za mhusika mkuu. Aliniletea kurasa mbili zenye mwandiko mzuri. Ndani yake kulikuwa na "mtu huyu", "yeye", "mzee wa ghala", "mwenye funguo" na "yule aliyetajwa". Jina halikuwemo popote. Nikachukua kalamu nyekundu na kila mahali nikaandika pembeni: Nani? Nani? Nani?

Alipoziona alicheka.

"Mwalimu, hii karatasi yote unauliza nani tu."

"Nimeuliza kila mahali hukuniambia."

"Si unajua ni nani?"

"Mimi najua. Msahihishaji hajui."

"Msahihishaji hajasoma kitabu?"

Nilimwambia asinichezee. Nilimwambia kwamba mtahini akikosa jina atadhani mwanafunzi alisoma muhtasari wa kununua, au hakusoma kabisa. Akatazama lango, ambalo lilikuwa limefungwa, kisha akashusha sauti.

"Ni jina la mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee wa hapa."

Ilinichukua muda. Kwao mke halitamki jina la baba wa mumewe. Nilikuwa nimelijua hilo maisha yangu yote, namna unavyojua bila kujali kwamba nyumba ya jirani ina mlango wa nyuma. Jina lenyewe ni la Kiarabu, maana yake mwanga, na limekuwa neno la kawaida la Kiswahili. Nikakumbuka kwamba hata katika mazungumzo hakuwahi kulitumia. Alisema "mwanga", au "ile ya taa". Alama zangu zote za penseli, zile nilizodhani ni za kigugumizi, zilikuwa mahali pamoja: juu ya jina la baba mkwe wake.

"Na kwenye Kurani je?" nikauliza. "Neno hilo limo."

"Hiyo ni maneno ya Mungu. Si yangu."

"Na riwaya ni maneno ya mwandishi. Si yako."

"Lakini insha ni yangu," akasema.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshindwa hoja na mtu aliyepata alama mbaya ya Kiswahili, na nilitembea haraka kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake nilirudi nimejiandaa. Nilimweleza kwa nini jina lile haliepukiki. Mwandishi amelichagua kwa makusudi: mtu anaitwa mwanga, na kazi yake ni kufunga mlango hadi ndani kuwe giza. Mwongozo wa walimu umetenga alama kwa hoja hiyo, chini ya majazi, yaani jina linalobeba sifa, na kejeli. Anayelikwepa jina anaikwepa hoja. Halafu nikatoa silaha yangu kubwa.

"Mhusika si mtu," nikamwambia. "Ni wino. Ukiandika jina lake hujamtaja mzee wa mtu yeyote. Umeandika wino."

Alikuwa anamfunga mtoto wake kiatu. Hakuinua kichwa.

"Kama ni wino, mbona jana uliniambia hana huruma? Wino una huruma?"

Nilisema hiyo ni lugha ya uchambuzi tu.

"Aa. Kwa hivyo ukitaka kumsema vibaya ni mtu. Ukitaka nimtaje ni wino."

Nilikuwa nimeuliza swali hilo hilo chuoni, kwa maneno marefu zaidi, na nilipolisikia kutoka kwake nilikasirika kama vile alikuwa ameniibia.

Ukweli ni kwamba desturi yenyewe ilinikera. Niliiona kama kamba nyingine inayofungwa mdomoni mwa mwanamke kisha ikaitwa heshima. Nilimuuliza kama mumewe naye halitamki jina la mama mkwe wake kule Biliqo. Alisema mumewe naye ana mambo yake ya kuchunga mbele ya wakwe. Swali hilo alikuwa ameshajiuliza kabla yangu. Nikauliza kitatokea nini akilisema. "Hakuna kitu kitatokea," akasema. "Ukienda sokoni bila buibui kitu gani kitatokea?" Mimi ndiye niliyekuwa nimevaa buibui pale barazani, mimi ninayehoji kila kitu, na sote wawili tukalitazama.

Bado kulikuwa na njia moja. Kutamka si kuandika. Desturi inakataza mdomo, haikusema lolote juu ya kalamu. Hoja hii ilionekana kumgusa, kwa sababu hakuipinga. Alisema tu kwamba hajui, na kwamba anayeweza kujua ni mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa uani anachuja maziwa ya ngamia kwenye madumu ya kupandishwa basi la Nairobi. Nilimsalimia, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamweleza suala lote huku nikijitahidi kulifanya rahisi. Naye pia hakuwahi kulitamka jina lile. Yeye humwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, baba fulani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sisi tukiambiwa usiseme," akasema, "hakukuwa na kalamu."

"Kwa hivyo kuandika kunaruhusiwa?"

"Nimesema hakukuwa na kalamu. Sijasema inaruhusiwa."

"Lakini haikukatazwa."

Akageukia mkwe wake aliyesimama mlangoni na kumwambia jambo kwa Kiborana. Wote wawili wakacheka. Nilidai tafsiri.

"Anasema nyinyi watu wa malori mnataka kila kitu kiwe na risiti," jirani yangu akasema.

Niliondoka bila risiti.

Mtu mwingine pekee niliyeweza kumuuliza alikuwa mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili, Mmeru ambaye kila mwaka huitwa kusahihisha karatasi za fasihi. Nilimkuta mjini akinunua betri za redio. Tulisimama kando ya duka, tukiwapisha watu na mbuzi, nikamsimulia bila kusema ni nani.

"Mwambie aandike," akasema kabla sijamaliza.

"Kwake ni heshima, mwalimu."

"Kwake ni heshima. Kwangu ni saa kumi na moja jioni na bunda la karatasi halijaisha."

"Kwenye insha akimweleza vizuri kila mara, bila jina?"

Alifikiri. Ni mtu wa haki, na hilo lilinifanya nimwogope zaidi. "Insha nitamvumilia. Akieleza vizuri nitaona kwamba amesoma. Lakini dondoo, hapana. Nikiuliza msemaji wa maneno haya ni nani, nataka jina. 'Mwenye funguo' si jina. Alama iko kwenye jina."

"Hata kama ni dhahiri anayemzungumzia?"

"Dhahiri haimo kwenye mwongozo." Akalipia betri zake. "Una hakika si kisingizio? Wanafunzi wana visingizio vizuri siku hizi."

Nilimjibu kwa ukali kwamba nina hakika. Sikuwa nayo. Njiani nilijikuta nikiwaza kwamba huenda jirani yangu ananichezea, kwamba hajaimaliza riwaya, kwamba desturi ni pazia zuri la uvivu. Nilipofika nyumbani nikaona haya kwa kumshuku, kisha nikaona haya tena kwa kuona haya bila ushahidi wa upande wowote. Nilikuwa na hasira na desturi, na mwongozo, na mwalimu, na mwandishi ambaye kati ya majina yote ya dunia alichagua hilo. Mama alinikuta nikizunguka uani.

"Hooyo, kaa chini," akasema. Mama zetu wa Kisomali huwaita watoto wao kwa cheo chao wenyewe. Nimeitwa "mama" na mama yangu tangu nizaliwe. "Unachimba shimo."

Nilimuuliza, bila utangulizi, kwa nini hamwiti baba kwa jina lake.

"Nani amesema simwiti?"

"Sijawahi kusikia."

Alifikiri kwa uaminifu, nikaona anapitia miaka. "Nikimhitaji huja," akasema hatimaye, na akarudi kwenye televisheni.

Tuliendelea. Niliacha kumshurutisha, si kwa kuwa nimekubali, ni kwamba muda ulikuwa unakwisha na kulikuwa na tamthilia na hadithi fupi za kusoma. Kwenye insha alishikilia njia yake. Kila alipomfikia mhusika mkuu ilibidi achague: amwite nani hapa? Mwanzoni alikuwa anatupa neno lolote lililo karibu. Nikamwambia kwamba kama hataki jina, basi angalau asitumie "mtu huyu", kwa sababu riwaya imejaa watu. Amwite kwa kile alichokuwa katika sentensi ile.

Wiki moja hivi baadaye alinipa insha juu ya tukio la mlangoni, lile la mdogo mtu na mtoto mgonjwa. Nililisoma tukio hilo mara nyingi nikilifundisha, na nilikuwa na maoni yangu yaliyokamilika. Yeye alikuwa ameandika hivi: "Mdogo wake alipobisha alimwita kaka. Aliyejibu kutoka ndani hakuwa kaka, alikuwa mtunza ghala. Kaka yake alisikia lakini hakupewa ufunguo."

Niliisoma tena nikiwa nimesimama. Nilikumbuka insha zangu za chuo, jina la mhusika limerudiwa karibu kila mstari, mtu yule yule kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sababu jina ni lile lile. Yeye, kwa kuwa alizuiwa njia ya mkato, ilibidi aulize kila mara ni yupi kati ya watu wanaoishi ndani ya mtu huyo anayefanya jambo hili. Nilimwambia ni nzuri. Sikumwambia ilivyonisumbua. Sikutaka kuamini kwamba katazo linaweza kumfanya mtu aone vizuri; hiyo ndiyo hadithi ambayo kila mwenye kukataza angependa kuisikia, na bado sitaki kumpa. Lakini insha ilikuwa mkononi mwangu na ilikuwa bora kuliko zangu.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Mimi nimemwona mtu kama huyo," akasema. Kwao Biliqo, mwaka mmoja wa kiangazi, mjomba wake alipewa kazi ya kugawa nyasi zilizobaki. Alikuwa anaamua ni ng'ombe wa nani wapewe na ni wa nani waachwe. Kati ya walioachwa walikuwamo wa dada yake, yaani mama wa huyu jirani yangu. "Watu walisema ana roho mbaya. Lakini mtu wa roho mbaya hulala. Huyo hakulala. Hata wa kwenye kitabu halali. Soma pale baada ya mlango. Anahesabu magunia mpaka asubuhi, na magunia anayajua."

Nikafungua. Ilikuwamo, mistari michache tu. Mwongozo haukuitaja.

"Kwa hivyo si mkatili," akasema. "Ni mwoga. Anaogopa akifungua mara moja hatajua kufunga."

"Andika hivyo. Na uandike mkatili pia."

"Lakini si mkatili."

"Alama ziko kwenye mkatili."

Alinitazama namna niliyostahili. "Sasa wewe ndiye msahihishaji?"

"Wewe unataka chuo au unataka kuwa sahihi?"

"Wewe ungetaka nini?"

Nilifunga kitabu nikasema upepo umezidi.

Siku ya mwisho kabla ya karatasi ya fasihi hatukusoma chochote kipya. Alikuwa amechoka, mtoto alikuwa na mafua, na mama mkwe alikuwa amechukua kazi zote za uani bila kusema neno, jambo lililomtia hofu zaidi. Baba mkwe alikuwa amepita asubuhi akielekea mnadani na kumwambia, "Kesho, basi." Hayo tu. Tulipobaki peke yetu aliweka kalamu chini.

"Sasa niambie. Likija dondoo, waulize ni nani anasema. Niandike ama nisiandike?"

Nilifungua mdomo. Miezi kadhaa nilikuwa na jibu la swali hilo, na nilikuwa nimelirudia hadi mama mkwe akalijua kwa moyo. Nililitafuta.

"Sijui," nikasema.

"Wewe hujui?"

"Sijui."

"Umenisumbua tangu Ramadhani niandike, niandike, kuandika si kusema, ni wino. Nimeanza kukuelewa, sasa unaniambia hujui." Hakuwa anacheka. "Wewe hata ukikosea kesho unapanda lori la kaka yako unaenda Nairobi. Mimi nitakuwa hapa hapa na madumu."

Alikuwa na haki. Nilimwambia anayo. Alisema hahitaji haki, anahitaji jibu, na sikumpa.

Kituo cha watahiniwa binafsi kilikuwa shule moja ya mjini. Nilimsindikiza asubuhi, nikakaa nje kwenye kibanda cha chai, nikashindwa kunywa, nikatembea hadi barabara kuu na kurudi, nikatembea tena. Mlinzi aliniuliza kama na mimi nina mtihani. Nilipomwona akitoka nyuma ya wengine sikuweza kusoma uso wake, na mimi nina digrii ya kusoma.

Tulitembea hadi tukapita maduka ya vifaa vya ujenzi.

"Lilikuja," akasema.

"Dondoo?"

"Pale mlangoni. Msemaji ni nani, anamwambia nani."

Sikuuliza. Nilijizuia kwa nguvu zote.

"Nimeandika."

"Jina?"

"Jina. Mkono ulikataa kidogo, kama unaandika na wa kushoto. Halafu nikasema, si mwalimu alisema ni wino? Basi ni wino. Nikaandika." Alipangusa vumbi machoni. "Na kwenye insha nikaweka mkatili. Halafu nikaweka mwoga, na yale magunia."

Ningepaswa kufurahi. Niliyoyataka yote yalikuwa kwenye karatasi ile. "Mimi siamini tena kwamba ni wino tu," nikamwambia.

"Umechelewa, mwalimu," akasema, na safari hii alicheka, ingawa si kwa muda mrefu. Baada ya hatua kadhaa akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba hajui atampaje mzee chai leo. Anajua hakuna kitu kitatokea. Lakini mkono utakaobeba kikombe ni ule ule.

Matokeo yalitoka baadaye na alama ilitosha, kwa nafasi finyu. Cheti huonyesha herufi moja kwa somo zima. Haikuwezekana kujua ni jina lile lililomvusha, au magunia, au hakuna hata kimoja. Nimejaribu kukisia mara nyingi. Siku ile hatukujua lolote. Aliniomba niingie naye, nami nikaingia.

Mzee alikuwa amesharudi kutoka mnadani, amekaa kwenye kiti cha kamba, fimbo ukutani, vumbi la ng'ombe kwenye viatu. Tukasalimiana. Alimuuliza mkwe wake mtihani ulikuwaje, naye akajibu "Alhamdulillahi" akapita moja kwa moja jikoni. Nilisikia maji yakimiminwa, mama mkwe akiuliza jambo, sukari ikikorogwa.

"Mwalimu," mzee akaniambia, "hicho kitabu mmesoma hapa kwangu miezi yote. Kila nikipita nasikia ghala, ghala. Ni habari gani?"

"Ni habari ya mtu mmoja," nikaanza. "Alipewa funguo za ghala la mbegu wakati wa ukame."

"Mtu gani?"

"Wa kijiji hicho. Yeye ndiye aliyeaminiwa."

"Hana jina?"

Jikoni kijiko kikanyamaza.

"Analo," nikasema.

Alisubiri. Mimi si mkwe wa mtu. Si Mborana. Hakuna katazo lolote duniani lililokuwa limenishika mdomo. Nilikuwa nimelitamka jina hilo kwa sauti barazani pale mara zisizo na idadi, nikimlazimisha mtu mwingine. Nililiona limeandikwa mbele yangu. Mzee alikuwa ananitazama kwa adabu ya mtu anayengoja bei.

"Nimelisahau," nikasema.

"Umefundisha kitabu miezi yote," akasema polepole, "na jina la mwenye kitabu umesahau."

"Ndiyo, mzee."

Akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Wewe mama, huyu ndiye mwalimu uliyemtafuta? Kweli utapita?"

Nilisikia wanawake wawili wakicheka, mmoja akijaribu kunyamaza. Kisha mkwe wake akatoka na sinia, kanga imefunika nusu ya uso, vikombe vikigongana kidogo. Alimpa mzee wake kwanza, kwa mkono wa kulia, nao haukumwaga.

"Nitapita, baba," akasema.